Simu, DSLR au kamera ya sayari: ipi uifunge kwenye darubini yako?

Mwonyeshe mtu pete za Zohali, na dakika hiyo hiyo atatoa simu mfukoni aibandike kwenye lenzi ya jicho. Atapata doa jeupe lenye ukungu, atacheka, atairudisha simu. Wengi huishia hapo. Wachache huanza kuulizia kamera, na hapo ndipo wanapochanganyikiwa, maana kila anayewajibu anajibu kwa darubini yake mwenyewe na kwa kile anachokipenda yeye angani.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kufunga simu nyuma ya lenzi ya jicho. Ya pili ni kutoa lenzi ya jicho na kuweka DSLR, yaani kamera ya lenzi za kubadilisha yenye kioo kinachopiga ndani yake, au ile isiyo na kioo hicho (mirrorless), nayo ikiwa imevuliwa lenzi yake, ili darubini yenyewe iwe ndiyo lenzi. Ya tatu ni kamera ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya anga tu, inayoingia pale pale panapokaa lenzi ya jicho na kuendeshwa na kompyuta. Zote tatu hutoa picha nzuri, na zote tatu zinaweza kukupotezea pesa.

Vya kupima kwanza

Anza na unachotaka kukipiga. Mwezi na sayari zina mwanga wa kutosha, shida yake ni udogo na hewa inayochezacheza. Nebula, yale mawingu ya gesi angani, na galaksi ni kinyume chake: nyingi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, ila hafifu mno, kwa hiyo zinadai shata ikae wazi sekunde nyingi au dakika.

Kuna hesabu mbili za kuweka kichwani. Ukigawanya urefu wa fokasi wa darubini yako (umbali mwanga unaosafiri kutoka lenzi au kioo kikuu mpaka unapokutana) kwa 110, unapata upana wa taswira ya Mwezi kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Darubini yenye fokasi ya milimita 1000 hutoa Mwezi wa milimita 9, unaoenea vizuri kwenye DSLR ya kawaida yenye sensa ya takriban milimita 22 kwa 15. Mshtarii je? Hata ikiwa karibu nasi kabisa, kwa darubini hiyo hiyo taswira yake ni robo ya milimita, yaani pikseli sitini na kitu kwa upana. Ndiyo maana mtu hununua kamera ya megapikseli 24 kisha akaiona Mshtarii kama punje ya mtama katikati ya giza.

Cha pili ni fokasi: je, sensa itafika mahali ambapo darubini inakusanya mwanga? Hili ndilo linalowakwamisha watu wengi, nami nitalirudia kwa kirefu kwenye DSLR.

Cha tatu ni stendi. Dunia inazunguka, na nyota hazisubiri. Kwa darubini ya milimita 650 na kamera ya kawaida, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga huhama takriban pikseli 12 kwa kila sekunde moja ikiwa stendi haina mota ya kuifuata. Picha ya Mwezi ya sehemu ya mia ya sekunde haitaathirika. Picha nzuri ya nebula haiwezekani.

Na hapa sisi wa karibu na ikweta tuna jambo letu ambalo maelekezo ya kiwandani hayaligusi. Stendi ya kiikweta, ile inayofuata nyota kwa kuzunguka mhimili mmoja, lazima mhimili huo uelekezwe kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, kwa pembe inayolingana na latitudo yako. Nairobi hiyo ni kama digrii 1 tu, Mombasa 4, Dar es Salaam haifiki 7. Stendi nyingi hazikuundwa kulala chini hivyo. Ama skrubu inafika mwisho mapema, ama chuma cha uzani kinagonga mguu wa stendi. Uliza kiwango cha chini cha latitudo kabla ya kulipa. Dawa inayotumika sana ni kuinua mguu mmoja kwa kipande cha mbao ili stendi yote iiname. Halafu ncha yenyewe iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya ukuta wa jirani, kwa hiyo huilengi kwa kuchungulia. Unatazama nyota inavyoteleza kwenye uwanja wa kamera na kusahihisha kidogo kidogo. Ndugu zetu wa Muscat hawana adha hii: Nyota ya Kaskazini wanayo juu, zaidi ya digrii 23.

Vinavyobaki ni uzito, vifaa vya ziada na pesa. Sasa tuzichukue moja moja.

Simu nyuma ya lenzi ya jicho

*Inavyofungwa.* Adapta inabana lenzi ya jicho kwa upande mmoja na simu kwa upande wa pili. Kazi yote iko kwenye kulinganisha: lenzi ya simu lazima ikae katikati kabisa, tena kwa umbali ule ule ambao jicho lako lingekaa. Zile za plastiki za kusogeza kwa mkono hufanya kazi, ila kila ukigusa simu zinahama. Zenye skrubu tatu za kusogeza juu-chini, kushoto-kulia na mbele-nyuma, kama Celestron NexYZ, hukuokolea muda na hasira. Vua kava ya simu kwanza. Kama simu yako ina kamera tatu, ingia kwenye hali ya kitaalamu na uchague kamera kuu mwenyewe, la sivyo programu itarukia lenzi nyingine bila kukuuliza na kioo kitakuwa cheusi.

*Fokasi.* Hapa simu inawashinda wote. Kama jicho lako linaona safi, simu nayo itaona safi, kwa darubini yoyote ile.

*Inachonasa.* Mwezi, na tena Mwezi. Usiku ambao upo nusu, kwenye mstari wa mwanga na giza, kreta hutoka na vivuli vyake hadi mtu akaamini umeipakua mtandaoni. Tumia lenzi ya jicho ya milimita 25 au hapo jirani, gusa kioo na ushikilie ili mwangaza ujifunge, kisha ushushe. Bila kushusha, simu inaona giza pande zote, inaongeza mwanga, na Mwezi unageuka sahani nyeupe. Sayari pia zinawezekana kwa video fupi: mikanda miwili ya Mshtarii, pete za Zohali, Zuhura ikiwa hilali. Nebula ya Orioni itatoka kama moshi hafifu, ila usitegemee zaidi ya hapo.

*Uzito.* Simu na adapta nzuri si nyepesi kwa darubini ndogo. Ile yenye lenzi ya upana wa milimita 70 na miguu myembamba itaanza kuinama taratibu, na kitu kitatoka kwenye picha ukikiangalia. Tumia kipima muda cha sekunde 3 badala ya kugusa kioo wakati wa kupiga.

*Gharama.* Adapta peke yake. Simu unayo.

*Inamfaa nani.* Mwenye darubini isiyo na mota, mwalimu anayetaka wanafunzi waondoke na picha, na yeyote ambaye bado hajui kama mapenzi haya yatadumu.

DSLR au kamera isiyo na kioo

*Inavyofungwa.* Unahitaji vitu viwili: ringi ya T inayolingana na mdomo wa kamera yako, na mrija mfupi wa inchi 1.25 au 2 unaoingia kwenye darubini. Ringi ya T huifanya sensa ikae milimita 55 nyuma ya uso wake, kwa kamera yoyote. Canon ya mdomo wa EF ina milimita 44 kutoka mdomo mpaka sensa, kwa hiyo ringi ni ya milimita 11. Sony ya mdomo wa E ina 18 tu, kwa hiyo ringi yake ni bomba refu la milimita 37. Usishangae ukiona za marafiki hazifanani.

Angalia thredi. Ringi ya T ni M42 (kipenyo cha milimita 42) kwa hatua ya milimita 0.75. Lenzi kuukuu za skrubu ni M42 pia, ila kwa hatua ya milimita 1. Ukizilazimisha zinaingia mzunguko mmoja, zinakwama, na ukitumia nguvu umeharibu zote mbili. Ukienda kwa fundi wa kukereza vyuma akutengenezee kipande, mpelekee sampuli mkononi. Usimtajie "arobaini na mbili" tu.

Kama darubini inapokea inchi 2, chukua inchi 2. Mrija wa inchi 1.25 unatia giza kidogo kwenye pembe za picha ya sensa ya APS-C, ile ya DSLR ya kawaida, na kwa sensa kamili ya milimita 36 kwa 24 giza hilo halifichiki.

*Fokasi.* Darubini za kioo za Newton, hasa za wanaoanza, mara nyingi haziwezi kufikia fokasi na DSLR. Zimepangwa ili mwanga ukutane karibu na mdomo wa mrija, lenzi ya jicho ilipo. Sensa ya DSLR imejificha milimita 55 nyuma zaidi, kwa hiyo unazungusha mrija wa fokasi uingie ndani, uingie, mpaka unagota, na nyota bado ni pete.

Unaweza kulijua hili kabla ya kununua chochote. Usiku wa mwezi, elekeza darubini kwenye Mwezi, toa lenzi ya jicho, ingiza mrija wa fokasi mpaka mwisho. Shika karatasi nyeupe nyuma ya mdomo wa mrija, uisogeze mbele na nyuma mpaka taswira ya Mwezi ichoreke safi. Mwenzako apime kwa rula kutoka mdomo wa mrija mpaka kwenye karatasi. Ikizidi milimita 55, uko salama. Ikipungua, kamera haitafika. Jaribio hili lifanye kwa Mwezi tu. Ukilifanya kwa Jua karatasi itawaka na mkono wako pia.

Ikipungua, kuna njia. Lenzi ya Barlow husukuma fokasi nje, ila inakuza mara mbili na kupunguza mwanga, jambo zuri kwa Mwezi na baya kwa nebula. Wengine huweka skrubu ndefu na kukisogeza kioo kikuu mbele. Au ununue darubini iliyokusudiwa picha tangu mwanzo, kama Sky-Watcher 130P-DS. Darubini za lenzi kwa kawaida hazina tatizo hili, pengine utahitaji tu bomba la kurefusha kwa sababu umeondoa kile kioo cha kupinda mwanga. Maksutov na Schmidt-Cassegrain, zile darubini fupi zenye lenzi mbele na kioo nyuma, hufika bila ugomvi.

*Inachonasa.* Mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, kupatwa kwa Mwezi, Kilimia na vishada vingine vya nyota, na, ukiwa na stendi inayofuata anga, nebula. Anga letu la kusini limejaliwa: Nebula ya Karina, Omega Sentauri na Mawingu ya Magellan ni vitu ambavyo mpiga picha wa Ulaya hupanda ndege kuvifuata. Lakini kamera za kawaida zina kichujio mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni, ule wa nanomita 656, kwa hiyo Karina inatoka ya waridi iliyopauka. Canon iliwahi kutoa 60Da mwaka 2012 na Nikon ikatoa D810A mwaka 2015 kwa sababu hiyo hiyo. Kichujio kinaweza kutolewa na fundi, ila baada ya hapo rangi za mchana zitakuwa nyekundu mpaka uzisawazishe. Kama kamera hiyo ndiyo inayokuletea kazi za harusi, iache ilivyo.

Kwa sayari kamera hizi si mbaya, ni kubwa tu bila faida. Video ya kawaida hubana pikseli, na zile sitini chache za Mshtarii zinapungua tena. Kamera yenye hali ya kurekodi katikati ya sensa pekee hufanya vizuri zaidi.

*Joto na mtikisiko.* Usiku wa pwani wa nyuzi 27 huipasha sensa, na picha ya dakika mbili hujaa chenga. Punguza kwa kupiga picha nyingi fupi na kuzirundika ziwe picha moja, pamoja na picha kadhaa za giza ulizopiga papo hapo ukiwa umeziba mdomo wa darubini, kwa muda na ISO (usikivu wa sensa) zile zile. Programu za Siril na DeepSkyStacker zinafanya kazi hii bure. Kioo cha DSLR kinapopiga, darubini nzima inatetemeka. Tumia kuinua kioo mapema, au upige kwa kutazama skrini ya nyuma ya kamera.

*Uzito.* Gramu 500 hadi 800 zinaning'inia nyuma. Mrija wa fokasi wa plastiki utateleza.

*Gharama.* Kama kamera unayo, ringi na mrija ni vya bei ndogo. Gharama halisi ni stendi, na hapo hakuna njia ya mkato.

*Inamfaa nani.* Aliye tayari na kamera, mwenye au anayekusudia kununua stendi yenye mota, anayependa vitu vikubwa hafifu na yuko tayari kusafiri nje ya taa za mji.

Kamera ya anga inayoendeshwa na kompyuta

*Inavyofungwa.* Inaingia kama lenzi ya jicho, inabanwa kwa skrubu, inaunganishwa kwa USB. Basi.

*Fokasi.* Sensa iko karibu na mdomo wa kamera, kwa hiyo hata Newton iliyomkataa DSLR mara nyingi huipokea hii. Kinachosumbua ni kukipata kitu chenyewe. ZWO ASI462MC ina sensa ya milimita 5.6 kwa 3.2; kwenye darubini ya milimita 1000 hata Mwezi hauenei, unaona kipande tu. Kabla ya giza, linganisha darubini ndogo ya kulengea na mnara wa simu ulio mbali, mpaka ncha ya mnara ikae katikati ya zote mbili.

*Inachonasa.* Kwa sayari haina mpinzani. Badala ya picha moja unarekodi maelfu ya fremu kwa dakika chache, kisha programu ya AutoStakkert inachagua zile zilizonaswa hewa ilipotulia na kuzirundika. Mshtarii huzunguka kwa chini ya saa 10, kwa hiyo usizidishe dakika mbili au tatu, la sivyo Doa Jekundu linavutika. Kanuni ya kulenga ni uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa darubini, huandikwa f/) uwe mara tano ya upana wa pikseli kwa mikroni: pikseli za mikroni 2.9 zinataka karibu f/15, maana yake Newton ya f/5 inahitaji Barlow ya mara tatu. Hata Dobson, yaani Newton iliyo kwenye kitako rahisi cha kusukuma kwa mkono, isiyo na mota inaweza: iache sayari ivuke uwanja, rudisha, ivuke tena, kisha programu ya PIPP iisogeze katikati kwenye kila fremu.

Kwa nebula utahitaji aina yenye sensa kubwa na kipoza joto, inayoshusha sensa takriban nyuzi 35 chini ya joto la hewa. Kwa pwani hii ni tofauti ya wazi kabisa, kutoka 27 hadi chini ya sifuri, na chenga nyingi zinaisha. Ila sasa umeingia kwenye bei nyingine, umeme wa volti 12, na stendi ile ile ya kiikweta inayodaiwa na DSLR.

*Vifaa vya ziada.* Hapa ndipo inapolemea. Laptopu yenye USB 3.0, betri inayodumu, meza, na nafasi kwenye diski: dakika mbili za fremu 100 kwa sekunde kwa sensa ile ya ASI462MC ni takriban GB 25. Mgao wa umeme ukikukuta na betri ya laptopu imechoka, umemaliza usiku. SharpCap na FireCapture ndizo programu za kurekodia zinazotumiwa zaidi.

*Uzito.* Ndogo za sayari ni nyepesi kuliko lenzi nyingi za jicho.

*Gharama.* Za sayari mara nyingi ni nafuu kuliko DSLR mpya, za kupozwa ni ghali. Hakuna kazi nyingine utakayoifanya nazo mchana.

*Inamfaa nani.* Anayeishi mjini. Taa za Kariakoo au Eastleigh haziigusi Mshtarii, na roshani inatosha.

Uko wapi kati ya hawa?

Una darubini ya kwanza, haina mota, na unataka kitu cha kutuma kwa familia leo: nunua adapta ya simu yenye skrubu tatu na usubiri Mwezi wa nusu.

Una DSLR kabatini na Newton: fanya jaribio la karatasi kwanza. Likikubali, nunua ringi na uanze na Mwezi huku ukiweka akiba ya stendi. Likikataa, linganisha bei ya Barlow na bei ya kamera ndogo ya sayari kabla ya kuanza kufungua kioo.

Unaishi ghorofani katikati ya mji, una laptopu nzuri: kamera ya sayari, hata kama darubini yako ni Dobson.

Una ndugu Singida au Garissa kwenye giza la kweli na unakwenda huko kila likizo ya kiangazi: pesa iende kwenye stendi inayoshuka mpaka latitudo yako, kisha DSLR, hata ya mtumba. Kamera ya kupozwa ije baadaye. Na kama hutaki kusawazisha mihimili kabisa, zipo darubini zenye kamera ndani, kama Seestar S50. Kwa lenzi yake yenye upana wa milimita 50 inaleta nebula nzuri kwa kubofya simu, ila sayari kwake ni nukta.

Unataka Jua: kamera yoyote kati ya tatu inafaa, lakini kichujio cha Jua kikae mbele ya darubini, kamwe si nyuma kwenye lenzi ya jicho au ndani ya kamera. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa lote Luxor na Makka. Wa Nairobi na Mombasa wataona limemegwa tu, kwa hiyo kwao kichujio hakitoki hata kwa sekunde moja.